Figo imepona, mbona akili yasumbuka?

Mwaka 2019 jirani yetu mmoja, mwalimu wa shule ya sekondari hapa Uganda, alirejea kutoka India akiwa na figo ya dada yake mwilini. Kwa muda wa miaka miwili kabla ya safari hiyo damu yake ilikuwa ikisafishwa kwa mashine mara mbili kila juma, nasi tuliokaa naye mtaa mmoja tulikwisha kuzoea kumwona akitembea kwa kushikilia ukuta, uso umevimba na ngozi imepauka. Siku aliposhuka garini tulimpokea mtu mwingine. Alisimama wima, akatusalimu mmoja mmoja kwa jina, akaomba maji na kunywa bilauri nzima mbele yetu, maana miaka yote miwili alikuwa akipimiwa maji kwa kikombe. Wanawake walipiga vigelegele. Tukamshukuru Mungu, tukarudi majumbani kwetu.

Mwezi wa tatu vipimo vya damu vilionyesha kwamba mwili wake umeanza kuikataa ile figo. Jambo hilo hutokea, wala halikuwashtua madaktari. Alilazwa siku tatu, akatiwa dawa mshipani kwa wingi, kisha akarudishwa nyumbani na vidonge vingi zaidi ya vile alivyozoea. Figo ikatulia. Lakini hata juma halijakwisha, mkewe alikuja kwetu alfajiri kutuuliza kama tumepata kumwona mtu asiyelala kabisa wala asiyeonyesha kuchoka.

Mwalimu alikuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi saa tisa za usiku, na alipoyamaliza aliyaanza upya. Aliwapigia simu jamaa ambao hajasema nao tangu ujana wake. Alikwenda kwa mfyatua matofali akaagiza matofali 20,000 ya kujengea shule yake mwenyewe, ilhali kiwanja hana. Alisema upesi hata maneno yakapandana. Kisha furaha ile ikageuka. Akaanza kudai kwamba dada yake, yule yule aliyekubali kupasuliwa kwa ajili yake, anakusudia kuja usiku kuichukua figo yake. Akaufunga mlango kwa kufuli. Dada alipokuja na kikapu cha ndizi hakumfungulia, na hilo tuliliona kwa macho yetu. Alikiweka kikapu barazani, akakaa kitambo ngazini, akaondoka bila kusema neno.

Jamaa walikutana siku ya pili. Baba mdogo wa mwalimu, mzee anayeheshimiwa, alisema kwamba kiungo cha mtu hakiji peke yake, huja na roho ya mwenyewe, na kwamba roho mbili zinagombana katika mwili mmoja. Basi apelekwe kwa mganga. Shemeji yake, mtu wa mjini aliyesoma, alimcheka mzee. Yeye alisema kwamba wazimu huu umeletwa na vidonge, na dawa yake ni kuvitupa vyote chooni siku ile ile.

Kati ya wawili hao, aliyekuwa karibu na ukweli ndiye aliyekaribia kumwua mwalimu. Ili tulieleze jambo hili hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Mwili wa binadamu una walinzi wake. Kijidudu kiingiapo, walinzi hao hukitambua kuwa ni mgeni, wakakishambulia. Shida ni kwamba walinzi hao hawajui kutofautisha mgeni aliyekuja kuua na mgeni aliyekuja kuokoa. Figo ya mtu mwingine, hata kama ni ya ndugu wa tumbo moja, kwao ni mgeni tu. Ndiyo maana upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu vizuri, ule uliofanywa na Dakta Joseph Murray mjini Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba, 1954, ulihusu ndugu pacha wa kufanana kabisa, Ronald na Richard Herrick. Walinzi wa Richard hawakuiona figo ya Ronald kuwa ngeni, naye akaishi miaka minane zaidi. Lakini ni wagonjwa wangapi wenye pacha wa namna hiyo? Kwa wengine wote ilibidi itafutwe njia ya kuwalegeza walinzi.

Njia hiyo ni dawa, na kila dawa ya namna hiyo ina bei yake. Wasomaji wenye umri watakumbuka habari za Louis Washkansky, aliyepandikizwa moyo na Dakta Christiaan Barnard mjini Cape Town tarehe 3 Desemba, 1967. Moyo ule ulipiga vizuri. Yeye alikufa baada ya siku 18 kwa homa ya mapafu, maana walinzi wa mwili wake walikuwa wamelegezwa. Bei hiyo, yaani wepesi wa kuambukizwa maradhi, ilitangazwa ulimwengu mzima, na kila mgonjwa hufahamishwa kabla ya kupasuliwa. Bei ya upande wa akili haikutangazwa kwa kiasi hicho, ingawa madaktari waliijua mapema zaidi.

Waliijua kupitia kortisoni. Mwezi wa Septemba, 1948, katika zahanati kuu ya Mayo, mjini Rochester, Marekani, Dakta Philip Hench na wenzake walimchoma dawa hiyo mwanamke wa miaka 29 ambaye baridi yabisi ilikuwa imemlaza kitandani. Baada ya siku chache alitembea. Ilionekana kama muujiza, na mwaka 1950 Hench, pamoja na Edward Kendall na Tadeus Reichstein, alipewa Tuzo ya Nobel. Muda si muda habari nyingine zikaanza kusikika wodini: wagonjwa waliochangamka kupita kiasi, wagonjwa wasiopata usingizi, wengine waliozama katika majonzi bila sababu, na wachache waliosikia sauti zisizokuwapo. Dawa za jamii ya kortisoni huitwa steroidi. Ile inayotumiwa zaidi na waliopandikizwa figo ni prednisoloni, na ile anayotiwa mgonjwa mshipani mwili unapoikataa figo ni ndugu yake wa karibu, tena hutiwa kwa vipimo vikubwa sana, pengine miligramu 500 kwa siku, siku tatu mfululizo.

Kiasi ndicho kinachoamua mengi. Mwaka 1972 uchunguzi uliofanywa katika hospitali za Boston na kwingineko juu ya wagonjwa waliokuwa wakipewa prednisoni, dawa iliyo sawa na prednisoloni, ulionyesha kwamba waliopewa miligramu 40 kwa siku au chini ya hapo, waliovurugika akili walikuwa asilimia 1.3 tu. Waliopewa kati ya miligramu 41 na 80 walikuwa asilimia 4.6. Waliopewa zaidi ya miligramu 80 walikuwa asilimia 18.4, yaani karibu mtu mmoja katika kila watu watano au sita. Tarakimu hizo zinatajwa na waganga hadi leo.

Hapo ndipo tunapopata jibu la kumpa mzee wetu, tena kwa heshima. Wagonjwa wengi wanaopewa dawa hizi kwa wingi hawajapandikizwa kiungo cha mtu yeyote. Wapo wenye pumu, wenye maradhi ya ngozi, wenye uvimbe wa viungo. Nao pia, dawa inapozidi, hukesha, hupayuka, huwashuku ndugu zao. Roho ya nani basi imewaingia? Wala mambo haya hayamchagui mtu aliyekuwa na akili dhaifu tangu zamani. Humpata hata yule ambaye katika ukoo wake haujapata kusikika wazimu. Mara nyingi huanza katika siku za kwanza au majuma machache ya kwanza baada ya dawa kuongezwa, na kipimo kipunguzwapo kwa utaratibu, wengi sana hurudi katika hali yao.

Lakini steroidi si peke yake katika mfuko wa mgonjwa. Mwaka 1969 mfanyakazi wa kiwanda cha madawa cha Sandoz cha Uswisi, akiwa likizoni nchini Norway, alichota udongo katika nyanda za juu za Hardangervidda. Katika udongo ule ulipatikana ukungu uliozaa dawa ya siklosporini, iliyoanza kuwapa wagonjwa wa figo matumaini makubwa kuanzia mwisho wa miaka ya 1970 na kuidhinishwa Marekani mwaka 1983. Mwaka 1984 Wajapani nao waligundua katika udongo wa mlima Tsukuba kijidudu kilichozaa takrolimusi, ambayo siku hizi ndiyo nguzo ya matibabu haya katika nchi nyingi. Kwa hakika twashangaa kwamba maisha ya maelfu ya watu yanategemea vitu viwili vilivyokuwa vikikanyagwa ardhini.

Dawa hizi mbili hugusa ubongo na mishipa ya fahamu kwa njia yake nyingine. Dalili ya kawaida ni kutetemeka mikono: kikombe cha chai kinalia juu ya kisahani, sindano haipenyezwi uzi. Kuna kuumwa kichwa, kukosa usingizi, wasiwasi usio na jina na ndoto mbaya. Kwa wachache hali huwa kubwa zaidi, mgonjwa akachanganyikiwa, asijue ni asubuhi au jioni, akaona vitu visivyokuwapo, akapatwa na kifafa, au akapoteza uwezo wa kuona kwa muda huku shinikizo la damu limepanda na ubongo umevimba upande wa nyuma. Mgonjwa wa namna hiyo akimbizwe hospitali saa ile ile. Mara nyingi kiasi cha dawa katika damu huwa kimezidi, ama madini ya magnesiamu yamepungua. Lakini wapo wanaopatwa hata vipimo vyao vikiwa sawasawa.

Sasa turudi kwa shemeji msomi. Alisema kweli kwamba vidonge ndivyo vilivyoleta wazimu. Kosa lake lilikuwa moja tu, nalo lilitosha. Mtu akiacha dawa hizi ghafula, walinzi wa mwili huamka, wakaila figo kidogo kidogo bila maumivu yoyote ya kumwonya mwenyewe. Afahamupo, figo imekwisha. Zaidi ya hayo, mwili uliotumia steroidi kwa miezi huwa umeacha kujitengenezea homoni yake ya namna hiyo. Dawa ikikatwa ghafula, mtu anaweza kulegea, akatapika, shinikizo la damu likaanguka, akafa hata kabla figo haijafa. Ndiyo maana daktari hupunguza kidogo kidogo.

Ulimwengu umekwisha kuona mfano wa mtu aliyeacha. Tarehe 23 Septemba, 1998, mjini Lyon, Ufaransa, Clint Hallam wa New Zealand alipandikizwa mkono wa mtu aliyekufa, na picha zake zikaenea kila mahali. Baada ya muda aliacha kutumia dawa kama alivyoagizwa. Alieleza kwamba dawa zilimsumbua mwili, na kwamba akilini mwake alijiona ametengana na mkono ule, kama kwamba si wake. Mwanzoni mwa mwaka 2001 ulikatwa mjini London. Hatusemi kwamba ni dawa zilizomvuruga. Kuishi na mkono wa marehemu mbele ya macho kila siku ni mtihani wa peke yake. Tunalosema ni kwamba madaktari waliujali sana mkono, na yaliyokuwa yakipita katika moyo wa mwenye mkono yalijulikana ulimwenguni wakati umekwisha kupita.

Jambo hili lina upande mwingine ambao haupendezi kutajwa. Si kila huzuni ya aliyepandikizwa kiungo imetoka katika kidonge. Mtu aliyeuza shamba na ng'ombe ili asafiri kwenda India, akarudi na deni, ana haki ya kukosa usingizi. Aliyepewa figo na ndugu yake huona haya kulalamika; akisema amechoka, ataonekana hana shukrani. Kila siku ya kipimo cha damu ni siku ya kungojea hukumu. Tena sukari ya damu ikipanda kwa sababu ya steroidi, au maambukizo yakimwingia, au figo yenyewe ikianza kushindwa, akili nayo huvurugika. Kwa hiyo daktari mwema hakimbilii kusema ni dawa, wala hakimbilii kusema ni mawazo. Hupima kwanza.

Vijana ndio wanaotutia hofu zaidi. Steroidi huvimbisha mashavu, huleta chunusi na kunenepesha tumbo. Siklosporini huotesha nywele usoni na kuvimbisha ufizi. Mzee wa miaka 60 atayavumilia hayo. Msichana wa miaka 16 anayechekwa shuleni hatavumilia, na hatamwambia mtu. Ataanza kuruka kidonge kimoja, halafu viwili. Madaktari wa nchi nyingi wanakiri kwamba umri huo ndio ambao figo nyingi nzuri hupotea hivyo hivyo, kimya kimya.

Zamani tungeweza kusema kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Leo sivyo. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza mwezi Novemba, 2017. Kenya ilitangulia kwa miaka mingi. Hapa kwetu Mulago ilifanya upasuaji wake wa kwanza wa namna hiyo mwezi Desemba, 2023. Pamoja na hao wapo waliotibiwa India, wakarudi vijijini na mfuko wa dawa na karatasi za Kiingereza ambazo nyumbani hakuna azisomaye. Kwa hiyo mambo kadhaa yafaa kujulikana si na mgonjwa tu, bali na kila mtu anayekula naye.

Kidonge cha steroidi, ikiwa daktari ameruhusu kinywewe mara moja kwa siku, hunywewa asubuhi pamoja na chakula, maana kikinywewa jioni hufukuza usingizi. Balungi haliliwi na anayetumia siklosporini au takrolimusi, kwa sababu huzidisha dawa katika damu, kama vile baadhi ya dawa za kuua vijidudu na ukungu zizidishavyo. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu inayotumiwa sana katika nchi zetu, hufanya kinyume: huishusha dawa hata figo ikabaki bila ulinzi. Baadhi ya dawa za kifafa, ambazo pengine hutumiwa kutuliza akili, hufanya vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo mtu aliyepandikizwa figo asipewe dawa ya wazimu na mganga yeyote asiyejua habari za figo yake. Litiamu, kwa mfano, ni dawa nzuri ya akili kwa watu wengine, lakini kwa figo ni hatari. Na mizizi ya kuchemsha, hata ikitolewa kwa nia njema, hakuna ajuaye itafanya nini ndani ya damu iliyokwisha kujaa dawa.

Twaona pia kwamba kuna neno moja ambalo lingemgharimu daktari dakika mbili tu. Mwalimu wetu alipotoka hospitali aliambiwa habari za homa, za mikono safi, za chumvi na sukari. Hakuna aliyemwambia, wala aliyemwambia mkewe, kwamba huenda asilale, huenda akachangamka au akaghadhibika kuliko ilivyo tabia yake, na kwamba likitokea hilo arudi upesi. Laiti mke angaliambiwa, asingalingoja siku tisa. Aliona haya. Alidhani ni mambo ya nyumba yake.

Yeye ndiye aliyekata shauri. Hakumsikiliza mzee, hakumsikiliza kaka yake. Alivitia vidonge vyote katika mfuko, akamwambia mumewe kwamba wanakwenda kuonana na mkaguzi wa shule juu ya ule mpango wa matofali, na katika hali aliyokuwa nayo mwalimu alivaa tai akatangulia mlangoni. Sisi tuliwapeleka. Daktari aliyempokea alisikiliza kwa muda mrefu, akapima damu, akapunguza steroidi kwa hatua, akampa dawa ya kumtuliza kwa majuma machache, akaagiza aonwe pia na mganga wa maradhi ya akili. Usiku wa tatu alilala. Baada ya majuma matatu alikuwa mtu yule yule tunayemjua, mpole, mwenye kusema polepole.

Kilichochukua muda mrefu zaidi ni aibu. Alikumbuka karibu yote. Kwa miezi miwili hakupita mtaa wa mfyatua matofali, ingawa mtu yule aliifuta oda bila kudai kitu. Mlango aliokuwa ameufunga hakuweza kuuzungumza. Siku moja, Jumapili, alipanda basi peke yake kwenda kwa dada yake. Alichosema huko hatukukiuliza. Alirudi jioni amebeba ndizi.

Mkewe bado anaweka daftari. Upande wa kushoto huandika saa za vidonge, upande wa kulia huandika saa ambazo mumewe amelala. Waendapo kliniki, daktari hulisoma kwanza daftari hilo, ndipo atazame karatasi ya damu.